UZI: TRC na VSC kwenye tope, lami yenye maji na changarawe. Zinafanya nini hasa, na kile kitufe kizimwe lini?

Difu_Wazi
Wakuu, mvua zimeshika kasi na maswali yamerudi yale yale. "Gari linakata nguvu kwenye tope." "Kuna taa ya kigari chenye mistari ya nyoka inawakawaka." "Nikibonyeza kile kitufe naharibu kitu?" Naanza na msingi, wenye ujuzi wa magari mbalimbali mtaongezea.

Majina kwanza, maana kila kampuni imebatiza kivyake. Mfumo huu wa kuzuia gari lisiteleze Toyota wanaita TRC na VSC. Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mitsubishi ASC, Mazda DSC, Volkswagen na Mercedes ESP. Ndani yake ni kitu kimoja chenye kazi mbili, na watu wengi wanazichanganya.

Kazi ya kwanza ni TRC. Hii inaangalia matairi yanayosukuma tu. Tairi likizunguka haraka kuliko gari linavyokwenda, kompyuta inafanya mambo mawili: inapunguza nguvu ya injini, na inafunga breki ya lile tairi moja linalozunguka bure.

Kazi ya pili ni VSC. Hii inasoma unakotaka kwenda (sensa ya pembe ya usukani) na gari linakokwenda kweli (sensa ya mzunguko wa bodi, mara nyingi iko chini ya konsoli katikati ya viti). Vikipishana, inafunga breki ya tairi moja ili kulirudisha gari kwenye mstari. Pua ikikataa kuingia kona, inafunga tairi la nyuma la upande wa ndani ya kona. Mkia ukitoka, inafunga tairi la mbele la upande wa nje. Dereva huwezi kufanya hivyo hata ungekuwa na miguu minne, kwa sababu pedeli ya breki ni moja.

Na hapa ndipo watu wanapopotea. Mfumo huu HAUONGEZI mshiko wa tairi (namaanisha wa barabarani, si ule wa mfukoni). Unagawa ule uliopo. Hesabu ya haraka kwa kona yenye nusu kipenyo cha mita 50: lami kavu, gari linaweza kuizunguka kwa karibu 70 km/h. Lami iliyolowa, karibu 55. Udongo uliolowa, karibu 40. Ukiingia na 60 kwenye udongo uliolowa, VSC itapigapiga breki, taa itawaka, na mtaroni utaingia hivyo hivyo. Ila utaingia na pua badala ya ubavu, na hiyo nayo ina maana yake, kwa sababu gari likienda kiubavu ndipo linapopinduka.

mzee_wa_gia2
Nimependa. Ongeza na umbali wa kusimama hapo: kutoka 60 km/h, breki peke yake bila muda wa dereva kushtuka, lami kavu kama mita 18, lami iliyolowa kama 28, udongo uliolowa 55 na zaidi. Kuna mtu anaona taa ya VSC haiwaki anajua yuko salama, kumbe haiwaki kwa sababu anakwenda moja kwa moja.

Kasuku_wa_Mbalizi
Swali wakuu. Gari la kusukuma mbele, mfano Premio au Allion, limekwama kwenye tope. Ukikanyaga mafuta injini inanywea, taa inawakawaka, gari haliendi. Wengine wanasema zima TRC, wengine wanasema ukizima ndiyo unazama zaidi. Nani mkweli?

Difu_Wazi
Mkuu, wote ni wakweli, inategemea umekwama vipi. Angalia matairi kwanza kabla ya kugusa kitufe.

HALI A: matairi yote mawili ya mbele yako kwenye tope, yote yanazunguka. Hapa breki ya TRC haina cha kusaidia, kwa kuwa hakuna tairi lenye mshiko wa kupelekewa nguvu. Inabaki ile nusu nyingine ya kukata nguvu ya injini, na hiyo ndiyo adui yako. Tope linataka tairi lizunguke kwa kasi fulani ili lirushe uchafu uliojaa kwenye kashata (meno) zake na kuchimba hadi kwenye udongo mgumu wa chini. ZIMA TRC.

HALI B: tairi moja liko hewani au kwenye tope, jingine limekanyaga kitu kigumu. Hapa TRC ndiyo mkombozi. Difu ya kawaida (gia iliyo kati ya matairi mawili yanayosukuma) hugawa nguvu sawa pande zote mbili, na kiasi chake huamuliwa na lile tairi legelege. Tairi linalozunguka bure linahitaji nguvu kidogo sana, basi na lenzake linapata hicho hicho kidogo. TRC ikifunga breki ya lile legelege, sasa linahitaji nguvu nyingi ili kuzunguka, na upande wa pili unapata nyingi vilevile. ACHA TRC IWAKE.

Kosa kubwa la hali B ni dereva kuachia mafuta akisikia ule mlio wa grr-grr-grr chini ya boneti. Ule ni pampu na vali za breki zikifanya kazi. Shikilia mafuta pale pale, kwa kipimo kimoja, sekunde mbili tatu, uipe nafasi. Ukiachia, breki nayo inaachia, unarudi mwanzo.

mzee_wa_gia2
Hapo kwenye hali A ongeza tahadhari moja: kuzima TRC si ruhusa ya kukanyaga mpaka chini. Gari likiwa halisogei kabisa na tairi linachimba, acha baada ya sekunde tatu nne. Bodi ikishakalia udongo, hakuna kitufe kitakachokutoa; hapo ni jeki, mawe na matawi. Na ekseli nazo hufa hivyo: tairi linazunguka kwa kasi, ghafla linakutana na jiwe.

Wairimu_4x4
Nachangia nikiwa upande wa Kenya. Kwa black cotton ya Narok na Kajiado (Tanzania nasikia mnaiita udongo wa mbuga) hali A ndiyo kila siku. Ile udongo inajaza tairi kwa mizunguko miwili, na tairi ya barabara ya lami inakuwa kipara hapo hapo hata kama ni mpya. Zima TRC *kabla* ya kuingia, si baada ya kukwama. Gari ikiwa na mwendo na TRC ikate nguvu katikati, umepoteza ule mwendo uliokuwa unakubeba, na kuanza tena kutoka sifuri kwa black cotton ni kazi ya trekta.

Gia ya pili au ya tatu, mafuta ya wastani, usukani usiushike kama adui. Ikianza kwenda kando, punguza mafuta kidogo na uelekeze magurudumu ya mbele pale unataka kwenda. Usikanyage breki.

Kasuku_wa_Mbalizi
Asanteni. Na kile kitufe, kubonyeza mara moja na kushikilia kuna tofauti?

Difu_Wazi
Ipo, na ni kubwa. Kwa Toyota nyingi:

Ukibonyeza mara moja, inazimika TRC tu. VSC bado iko kazini. Na mwendo ukiongezeka, TRC inarudi yenyewe.

Ukisimama kabisa halafu ukashikilia zaidi ya sekunde 3, zinazimika zote mbili, TRC na VSC. Hizi hazirudi zenyewe kwa mwendo kuongezeka. Zitarudi ukibonyeza tena, au ukizima na kuwasha gari.

Hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Mtu anatoka kwenye tope, anaingia lami, anafika 100 huku mvua inanyesha na VSC haipo. Ukikanyaga lami tu, angalia dashibodi.

ABS (ile inayozuia tairi lisifunge ukikanyaga breki) haizimwi na kitufe hiki kwa njia yoyote ile.

Wairimu_4x4
Prado 120 na 150 ziko na yake: ukifunga difu ya katikati (ile inagawa nguvu kati ya axle ya mbele na ya nyuma), VSC inajizima na taa yake inawaka. Si ugonjwa. Axle ya mbele na ya nyuma zikishikana, kompyuta haiwezi tena kufunga tairi moja bila kuvuruga zingine. Fungua difu ukirudi kwa lami, kwanza kwa sababu ya transfa yenyewe, pili VSC irudi. RAV4 za ACA30 na kuendelea zile za kitufe cha kufunga 4WD, hiyo lock inajiachia ukipita 40 km/h, kwa hivyo usishangae.

Chuma_Chakavu
Mimi huwa nasema haya madude ni ya Wazungu na theluji yao. Gari za zamani hazikuwa nayo na tulifika. Kwenye tope vuta hendibreki notchi tatu, nguvu inahamia tairi la pili, kazi imeisha.

mzee_wa_gia2
Mzee Chuma, ya hendibreki ni kweli, lakini kwa gari la kusukuma nyuma, maana hendibreki inashika nyuma. Ivute kwenye Premio, unajiongezea mzigo tu. Na inashika matairi yote mawili kwa pamoja, hivyo breki ya lile tairi zuri nayo inakula nguvu yako. Kwa gari la kusukuma mbele watu hutumia mguu wa kushoto kwenye breki huku wa kulia uko kwenye mafuta. Magari mengi ya kuanzia miaka ya 2010 hayakubali: kompyuta ikiona pedeli zote mbili zimekanyagwa, inakata mafuta, breki inashinda.

Na hili la theluji si kweli. Bosch na Mercedes walianza kuuza ESP mwaka 1995, Toyota nao wakaweka VSC kwenye Crown Majesta mwaka huo huo. Ila iliyoisambaza kwenye magari madogo ni Mercedes A-Class. Mwaka 1997 ilipinduka kwenye jaribio la kukwepa kikwazo ghafla, na hiyo ilikuwa barabara kavu. Marekani iliifanya lazima kwa magari madogo yote mapya kufikia Septemba 2011, Ulaya kufikia 2014. Hakuna aliyekuwa anafikiria theluji peke yake.

Chuma_Chakavu
Sawa nimekubali la hendibreki. La theluji nitalifikiria 😂

Bibi_Torque
Hebu tuongee lami, kwa sababu huko ndiko watu wanakufa, si kwenye tope la 15 km/h.

Mvua ikianza kunyesha baada ya jua la wiki nyingi, dakika za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Vumbi, mpira wa matairi na oili vilivyokaa kwenye lami vinachanganyika na maji kidogo, vinakuwa kama sabuni. Mvua ikipiga sana vinasafishwa. Kwenye milima ya malori kama Kitonga ongeza dizeli inayomwagika kwenye kona. Hapo VSC inasaidia kweli, na sababu za kuizima hazipo hata moja.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho VSC haiwezi: gari kuelea juu ya maji. Tairi likishindwa kuyasukuma maji pembeni, linapanda juu yake na kuacha kugusa lami. Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria mwendo huo kwa tairi lililoisha kashata au maji yaliyozidi kina cha kashata. Chukua upepo wa tairi kwa psi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 16.6, unapata km/h. Kwa psi 32 ni karibu 94. Kwa psi 20 ni karibu 74. Kwa hiyo yule anayeacha upepo mdogo "ili tairi lishike" kwenye mvua anajiteremshia mwendo wa kuelea. VSC inaweza kufunga breki ya tairi, lakini tairi lisilogusa barabara likifungwa halibadilishi chochote.

Likielea: achia mafuta taratibu, usukani unyooke, usikanyage breki, subiri matairi yaguse. Ukikata kona wakati yako juu ya maji, yakigusa tu gari litaruka kuelekea ulikokuwa umekata.

Kashata: vile vivimbe vidogo ndani ya mifereji ya tairi ni alama ya mm 1.6. Ukisubiri ifike hapo, kwa mvua umechelewa sana. Mshiko kwenye maji unaanza kushuka kwa nguvu ikishapungua chini ya mm 3 hivi.

Kasuku_wa_Mbalizi
Vipi cruise control (ile ya gari kushikilia mwendo lenyewe) kwenye mvua?

Bibi_Torque
Zima. Magari mengi huikata yenyewe VSC ikianza kazi, lakini usisubiri ifike huko. Mguu wako uhisi gari.

Wairimu_4x4
Na changarawe? Hapo watu hulalamika sana kuhusu ABS.

mzee_wa_gia2
Wana haki ya kulalamika. Kwenye changarawe nyepesi, tairi lililofungwa kabisa husukuma kilima kidogo cha mawe mbele yake na kile kilima kinasaidia kusimamisha. ABS hairuhusu tairi lifunge, kwa hiyo umbali unaongezeka. Faida yake ni kwamba usukani unabaki unafanya kazi. Dawa ni nafasi: ukiwa kwenye changarawe, weka umbali mara mbili ya ule wa lami. Usipampu pedeli, kanyaga na ushikilie, hata kama inatetemeka mguuni.

Kwenye barabara yenye mawimbi madogo madogo, matairi yanaruka, yanagusa, yanaruka. Taa ya VSC ikiwakawaka hapo kwenye kona, maana yake punguza mwendo. Haijachanganyikiwa. Matairi kweli hayagusi chini nusu ya muda.

Sensa_na_Waya
Nimesoma yote, sasa naleta upande wa gereji, kwa sababu nusu ya magari mtaani mfumo huu umekufa na mwenyewe hajui.

Jaribio la kwanza, bure: weka swichi ON bila kuwasha injini. Taa za ABS na VSC lazima ziwake sekunde chache kisha zizimike. Kama HAZIWAKI kabisa, huenda kuna mtu amezitoa balbu au kuziziba kwa utepe ili gari liuzike. Hii ni kawaida kuliko mnavyodhani.

Ya pili: taa KUWAKAWAKA ukiwa unaendesha ni mfumo kufanya kazi. Taa KUWAKA moja kwa moja ni hitilafu, au umebonyeza kitufe.

Ya tatu: Toyota ikiwasha check engine, mara nyingi inawasha na VSC. Msikimbilie breki. Kompyuta ya injini ikiwa na kosa, ile ya VSC haiamini tena kwamba inaweza kuiomba ipunguze nguvu, inajitoa. Kodi yake (namba ya kosa) ni C1201. Rekebisha injini (koili, sensa ya oksijeni, chochote), VSC inarudi.

Kusoma kodi bila mashine kwa Toyota nyingi: soketi ya OBD (ya kuchomekea mashine ya kusoma kodi) chini ya dashibodi, unganisha pini namba 4 na 13 kwa kipande cha waya, swichi ON, hesabu taa zinavyopepesa. 31 ni sensa ya mwendo wa tairi la mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kwenye mashine zinaonekana C0200, C0205, C0210, C0215 kwa mpangilio huo huo. USIGUSE pini 16, ina umeme wa betri moja kwa moja.

Kasuku_wa_Mbalizi
Taa ikiwaka mara tu baada ya kubadilisha beringi ya tairi?

Sensa_na_Waya
Beringi imewekwa kinyume, au ni feki. Magari mengi ya sasa hayana gurudumu la meno la kusomwa na sensa. Kuna pete ya sumaku ndani ya sili ya upande mmoja wa beringi, na upande huo lazima uangalie sensa. Kabla ya kupiga presi, sogeza klipu ya karatasi karibu na sili zote mbili. Upande unaovuta ndio wa sensa. Kama hakuna upande unaovuta, rudisha dukani. Ikishapigwa kinyume, kuitoa mara nyingi ndiyo kuiua.

Ndugu yake ni ekseli iliyonunuliwa bila pete ya meno ya ABS. Inaingia vizuri, gari linatembea vizuri, taa haizimiki. Hesabu meno ya ile ya zamani na mpya kabla ya kulipa.

Nyingine: pete ya meno yenye kutu na ufa. Dalili yake ni breki kutetemeka gari likiwa karibu kusimama, 10 km/h hivi, kwenye lami kavu. ABS inadhani tairi limefunga.

Sensa za zamani za koili unaweza kuzipima kwa ohm, nyingi ziko kati ya 800 na 2,000. Za kisasa za waya mbili zenye elektroniki usizipime ohm, utapata namba isiyo na maana na unaweza kuiua. Hizo zisome kwenye mashine, ukizungusha matairi moja moja na kulinganisha mwendo.

Bibi_Torque
Usisahau matairi yasiyolingana.

Sensa_na_Waya
Kabisa. Kompyuta inajua mizunguko tu, haijui saizi. 195/65R15 ina kipenyo cha karibu mm 634. Weka 205/70R15 upande mmoja, ni mm 668, tofauti ya zaidi ya asilimia 5. Kompyuta inaona tairi moja linabaki nyuma daima, kama vile linateleza. Hali kadhalika ile speatairi nyembamba: mwendo mdogo, umbali mfupi.

Difu_Wazi
Na alaimenti (kunyoosha matairi)?

Sensa_na_Waya
Hapo ndipo VSC ya lami inapoharibiwa kimya kimya. Ukienda moja kwa moja usukani ukiwa umekaa upande, sensa inaiambia kompyuta kwamba dereva anakata kona. Kwenye barabara inayoteleza inaweza kufunga breki bila sababu. Alaimenti ifanywe usukani ukiwa umefungwa katikati, na sensa iwekwe sifuri baadaye.

Ukibadilisha ile sensa ya mzunguko wa bodi, au ukiona kodi C1210 au C1336, sifuri yake imepotea. Kwa Toyota nyingi inawekwa upya kupitia pini 4 na 12, au kwa mashine, ambayo ni rahisi zaidi. Masharti: gari mahali tambarare kabisa, gia P, usukani umenyooka, hakuna mtu ndani anayejitikisa wala mlango unaofungwa kwa kishindo. Ukiifanya kwenye gereji yenye mteremko, umeifundisha kwamba mteremko ndio tambarare.

Wairimu_4x4
La mwisho kutoka kwangu, kwa wale wa 4x4. TRC ikitumika sana mfululizo, breki na pampu zinapata moto. Toyota inapiga kengele na kujitoa yenyewe. Simama, acha dakika kadhaa zipoe, itarudi. Na baada ya siku ya matope, osha ndani ya rimu kwa maji mengi, si bodi pekee. Ile black cotton ikikauka kwa sensa na pedi unaisafisha na patasi.

Chuma_Chakavu
Nimeenda kuangalia Noah sasa hivi. Swichi ON, taa ya ABS haiwaki kabisa. Nifanyeje?

Sensa_na_Waya
Fungua dashibodi mzee, angalia balbu kwanza. Ukiikuta imetolewa, irudishe, soma kodi kwa pini 4 na 13, leta namba hapa.